Steshenari ya Mwanjelwa iliyochapa kijitabu chetu cha Askofu Baraga

Ukiwa na kijitabu cha kanisa, cha kwaya au cha ukoo, kisichozidi kurasa arobaini, na humo ndani kuna maneno ya lugha ya nyumbani, mpelekee kijana wa steshenari ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, nitakayemweleza hapa. Kama ni kadi za harusi, au unataka kazi leo leo ukiwa umesimama mlangoni, nenda kwingine. Anayeharakisha anaweza kuishia hapo. Wengine tukae, maana hela iliyotumika ni ya jumuiya yetu ya kanisa, na hela ya jumuiya huelezwa mpaka senti ya mwisho.

Duka lenyewe ni chumba kimoja upande wa juu wa Soko la Mwanjelwa, kwenye kichochoro cha mafundi cherehani. Kibao mvua imekifuta na mwenyewe hahangaiki nacho. Uliza fundi yeyote "pale wanapochapa mitihani", utaoneshwa kwa kidole. Ndani kuna kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, riso ya kuchapia mitihani ya shule, na stepla ya mkono mrefu ambayo nitaisifia baadaye. Kiti hakuna. Mimi ni mwalimu mstaafu na magoti yangu yamesimama mbele ya ubao miaka mingi. Nilikalia ndoo ya rangi iliyofunikwa boksi.

Kazi ilikuwa hivi. Oktoba ni mwezi wa misioni, na parokiani kwetu tuliambiwa kila jumuiya ichukue mmisionari mmoja, imsome, kisha iwafundishe wengine. Majina yakawekwa kwenye kikapu cha sadaka, yakachotwa. Jirani zetu wakapata watakatifu wenye sanamu na novena zao. Sisi tukachota Frederic Baraga. Watu wakatazamana. Mzee mmoja akauliza kama ni Mmalawi. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo mzigo ukaangukia kichwani kwangu, na wakaongeza sharti: kiwe kijitabu cha kushika mkononi, si karatasi moja ya kusomwa na kutupwa, na nyuma ziwekwe sala chache za Kinyakyusa kwa ajili ya bibi zetu waliohamia mjini kutoka Rungwe na ambao Kiswahili cha kanisani wanakisikia lakini hawakisali.

Nilipoanza kumsoma huyo Baraga nikaona tumeokota dodo chini ya mwarobaini. Alizaliwa tarehe 29 Juni 1797 katika kijiji cha Mala Vas, parokia ya Dobrnič, kwenye jimbo lililoitwa Carniola chini ya watawala wa Austria. Leo hapo ni Slovenia. Mama yake alifariki 1808, baba akafuata 1812, mtoto bado yuko shuleni. Alilelewa Ljubljana nyumbani kwa profesa mmoja, Jurij Dolinar, akaenda Vienna kusomea sheria na kuhitimu 1821. Wakati huo tayari alikuwa na mchumba, Ana, binti wa huyo huyo profesa. Lakini kule Vienna alikuwa akiungama kwa padre Klement Maria Hofbauer, ambaye sasa ni mtakatifu, na mwanasheria wetu alipomaliza masomo akavunja uchumba, urithi wa nyumba ya Trebnje akamwachia dada yake Amalija, akaingia seminari. Tarehe 21 Septemba 1823 akapewa upadre. Kina mama wa jumuiya waliitaka sehemu ya uchumba irefushwe. Nikakataa, kijitabu kitasomwa na watoto wa Utoto Mtakatifu pia.

Wengi wakimtaja wanaanza na theluji, kwa sababu Marekani alipewa jina la padre wa viatu vya theluji. Mimi kilichonivuta ni karatasi na wino. Akiwa msaidizi wa paroko huko kwao, kwanza Šmartin karibu na Kranj, baadaye Metlika, aliwaandikia waumini kitabu cha sala kwa Kislovenia, Dušna paša, yaani malisho ya roho. Kilitoka 1830, na mwaka huo huo, tarehe 29 Oktoba, akaondoka kwenda Marekani. Alishuka New York siku ya mwisho ya mwaka. Tarehe 28 Mei 1831 alikuwa Arbre Croche, Michigan, kwa watu wa Ottawa, kabila la wenyeji wa Amerika. Sasa angalia: 1832, mwaka mmoja tu baadaye, yuko Detroit anasimamia uchapaji wa kitabu cha sala na katekisimu kwa Kiottawa. Siku hizo herufi zilipangwa kwa mkono moja moja, za risasi, na mji wenyewe ulikuwa umevamiwa na kipindupindu. Askofu aliyempokea, Edward Fenwick wa Cincinnati, kipindupindu hicho kilimwondoa mwezi Septemba mwaka huo huo.

Mtu wa namna hiyo huwezi kumchapa ovyo. Na hapo ndipo adha yangu ilipoanzia.

Steshenari ya kwanza niliyokwenda siyo hii ninayoisifia, na jina lake litabaki moyoni mwangu. Iko mjini, ina kiyoyozi na kiti. Nilimkabidhi binti mmoja daftari langu la mkono, mwandiko wa mwalimu, hauna herufi ya kubabaisha. Alipiga chapa huku anaongea na simu iliyobanwa begani. Niliporudi kuchukua, askofu wangu alikuwa ameitwa Baraka kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho. Askofu Baraka! Mji wa Marquette, alikofia, umekuwa Market. Ottawa, ambao ni watu, wamegeuka Otawa mahali pengine na Ottowa mahali pengine, na sala za Kinyakyusa zilikuwa zimesahihishwa na kompyuta kuwa Kiswahili kisicho na maana. Nikamwambia yule binti, mwanangu, hebu soma ulichoandika. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, sisi tunachapa, hatusomi."

Nililipa, nikaondoka na daftari langu.

Huyu wa Mwanjelwa anasoma. Hiyo ndiyo tofauti yote, na ndiyo ninayoilipia. Nilimkuta amezungukwa na walimu wa shule za msingi wenye mitihani ya majaribio, kelele, redio, mtu anataka kopi ya kitambulisho. Akanipa shikamoo, akafungua daftari, akasoma ukurasa wa kwanza wote kabla ya kugusa kibodi. Kisha akauliza, "Mwalimu, huku umeandika Carniola, kwenye jalada umeandika Slovenia. Tuandike ipi?" Nikamweleza kwamba Slovenia kama nchi inayojitegemea ni ya 1991, na kwamba wakati wa Baraga watu wake walikuwa Waslovenia kwa lugha na asili, ila dola ilikuwa ya Austria. Akafikiri kidogo. "Basi tuweke tanbihi ndogo pale chini, la sivyo watoto watauliza." Tukaiweka. Watoto kweli waliuliza, na jibu lilikuwa pale chini.

Bei ya kupiga chapa ni shilingi 1,000 kwa ukurasa, sawa na kwingine. Lakini kwingine unalipia vidole tu.

Suala la herufi ndilo lililonifanya niandike haya yote, kwa sababu najua wako wengine wanahangaika nalo: Wanyakyusa na wengine wote wanaoandika kwa tahajia mpya yenye ɨ na ʉ zilizokatwa kwa mstari. Kwenye kompyuta yake ya kwanza, jina la lugha yetu, ɨkɨNyakyʉsa, lilitoka karatasini likiwa na visanduku vitatu vitupu badala ya herufi. Kwenye skrini ziko, karatasini hazipo. Steshenari nyingi zikifika hapo zitakushauri uandike i na u za kawaida, "wataelewa tu". Huyu akasema ngoja. Akatafuta mtandaoni fonti ya bure inayoitwa Andika, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, yenye herufi pana na za wazi. Akaiweka kwenye kompyuta zote mbili. Kisha faili lote akaligeuza PDF kabla ya kulipeleka kwenye mashine, ili fonti isafiri ndani ya faili lenyewe. Tukachapa ukurasa mmoja wa majaribio. Zote zilikuwepo, na mstari wake katikati, hata kwa miwani yangu hii.

Ukienda kwake na kazi ya lugha ya nyumbani mkumbushe fonti hiyo hiyo, ipo tayari. Ukienda kwingine, ibebe kwenye flashi yako. Sala tulizipanga kwa saizi 14, na bibi zetu wakasoma bila kusogeza kitabu hadi urefu wa mkono. Wawili walilalamika kwamba wao hizo herufi zenye mstari hawakufundishwa. Hilo si kosa la duka.

Baraga mwenyewe suala hili la kuziandika sauti za watu wengine kwa herufi za Kilatini alihangaika nalo maisha yake yote. Mwaka 1835 alihamia La Pointe, kisiwani kwenye Ziwa Superior, kwa Waojibwe, kabila jingine la wenyeji, akaanza upya na lugha ambayo ni ndugu ya Kiottawa. Alipokwenda Ulaya kutafuta fedha na msaada, 1837 alichapisha Paris kitabu cha sala cha Kiojibwe na maisha ya Yesu, na juu yake kitabu cha Kifaransa kuhusu historia ya wenyeji wa Amerika Kaskazini. Mwaka huo huo kitabu chake kuhusu mila na desturi zao kilitoka Ljubljana kwa Kijerumani, na kwa Kislovenia pia. Mwaka 1843 akahamia L'Anse. Mwaka 1850 sarufi ya Kiojibwe ikatoka Detroit, 1853 kamusi ikatoka Cincinnati. Kamusi hiyo bado inafunguliwa na wanaojifunza Kiojibwe hadi leo. Katika orodha ya kijitabu chetu niliweka vitabu hivyo pamoja na mji kilipochapwa kila kimoja, na kijana akatoa wazo la kuipanga kama ratiba ya safari. Imependeza kuliko ukurasa mwingine wowote.

Si kila alichoandika Baraga ninakipenda. Dini za wenyeji aliziona kama wamisionari wenzake wa karne ya 19 walivyoziona, giza la kufukuzwa, na mtu aliyekulia Rungwe, ambako wamisionari Wamoraviani na wale wa Berlin walifika 1891, anaijua lugha hiyo bila kutafsiriwa. Nililitia hilo kwenye kijitabu kwa sentensi mbili. Paroko alizisoma, akakohoa, akaziacha. Pamoja na hayo nikaandika pia kwamba alipambana na wafanyabiashara wa manyoya waliowauzia watu pombe, na kwamba kule L'Anse alinunua ardhi ili Waojibwe wasifukuzwe kwenda magharibi kama serikali ilivyotaka. Mtu ni yote mawili.

Sasa jalada. Hapa nilibishana na kijana wangu, na nilishinda.

Tulikuwa na picha ya askofu, ile ya uzeeni yenye uso uliokonda, na kando yake mchoro wa viatu vya theluji. Kuwaeleza watoto wa Mbeya viatu vya theluji si rahisi. Baridi wanaijua, ila theluji ya kuzama hadi kiunoni hawajawahi kuiona. Kwenye mchoro unaona fremu ya mti uliopindwa kwa mvuke, katikati imesukwa kamba za ngozi mbichi, kama ungo uliokatiwa njiani. Uzito unatawanyika, mguu hauzami. Kijana alivichora upya kwenye kompyuta vikatoka safi. Lakini alipomaliza, bila kuulizwa, akamzungushia askofu duara la mng'aro kichwani, la dhahabu, na jina likaandikwa "Mt. Frederic Baraga".

Nikamwambia, mwanangu, Kanisa halijafika huko. Papa Benedikto XVI alitambua fadhila zake za kishujaa tarehe 10 Mei 2012. Hiyo ni hatua, ila hata Mwenyeheri, ngazi iliyo chini ya mtakatifu, bado hajatangazwa. Akasema, "Lakini mwalimu, mtu ametembea kwenye barafu mpaka uzeeni, tumnyime?" Fundi cherehani wa mlango wa pili, Mlutheri, akaingia kwenye mjadala na kumuunga mkono. Nikasimama imara. Ule mng'aro ukafutwa, "Mt." ikafutwa, na nadhani hadi leo anaona nimemdhulumu mzee wa watu.

Ramani nayo aliifanya vizuri. Nilitaka watoto waone ukubwa wa Ziwa Superior, kilomita za mraba zipatazo 82,000, maji yenye eneo kubwa kuliko Ziwa Victoria. Ndipo wakaelewa kisa cha 1846, pale Baraga na kiongozi wake Louis Gaudin walipolivuka kwa mashua ndogo wakielekea Grand Portage, dhoruba ikawakuta, wakaponea kwenye mlango wa mto mmoja upande wa Minnesota. Walisimika msalaba wa mbao pale walipofikia nchi kavu. Leo pana msalaba wa jiwe, na mto wenyewe unaitwa Mto wa Msalaba. Watu wa Kyela na Matema wanaojua Ziwa Nyasa likichafuka hawahitaji maelezo zaidi. Kijana alichora mstari wa safari kwa nukta, na upande wa pili wa ziwa akaweka jina la mji unaoitwa Baraga, maana huko Michigan kuna mji na wilaya yenye jina lake. Alipoiona hiyo kwenye ramani ya simu alifurahi kama aliyegundua yeye.

Kuhusu ufundi wenyewe wa kutengeneza kitabu, alinifundisha jambo ambalo miaka yote ya stensili na wino pale shuleni sikulijali. Kijitabu cha kukunja katikati hutaka idadi ya kurasa inayogawanyika kwa nne, kwa sababu kila karatasi ya A4 ikikunjwa inazaa kurasa nne. Kazi yangu ilifika ukurasa wa 22. Wengine wangeacha kurasa mbili nyeupe mwishoni, au wangebana maandishi. Yeye akapendekeza moja iwe ya ramani na nyingine iwe mistari mitupu ya mtoto kuandika alichojifunza. Zikawa 24, karatasi sita, jalada la manila juu yake. Kisha ile stepla ya mkono mrefu: pini mbili katikati kabisa ya mkunjo, zimeingia nje zimefungwa ndani, hakuna ya kumchoma mtoto kidole. Nimeshika vijitabu vya bei ghali zaidi vilivyobanwa pembeni ambavyo ukivifungua vinajifunga vyenyewe. Hiki kinalala mezani wazi.

Kwa riso angechapa kwa bei ndogo zaidi, na mwenyewe aliniambia hivyo, lakini picha ingeharibika. Tulikubaliana kurasa za ndani zipite kwenye mashine ya toner, nyeusi na nyeupe, na jalada tu liwe la rangi. Kwa nakala 80 tulilipa shilingi 1,500 kila moja, jumla 120,000, mbali na hela ya kupiga chapa. Nusu unatanguliza. Risiti ni ya mkono kwenye kitabu cha kawaida. Mweka hazina wetu aliikunjia uso, kwa hiyo kama taasisi yako inataka risiti ya mashine, ulizia mapema kabla hujatanguliza chochote.

Kasoro zipo na sitazifunika kwa sababu kijana ana adabu.

Ya kwanza, ahadi ya siku. Aliniambia Ijumaa, ikawa Jumatatu, na Jumatatu yenyewe jioni. Umeme ulikatika, hilo silo kosa lake, lakini alikuwa amepokea mitihani ya shule mbili juu ya kazi yangu akijua hatamaliza. Hajui kusema hapana. Kazi ya Dominika ipeleke mapema kuliko unavyofikiri, na umwambie tarehe ya uongo iliyo mbele ya tarehe yako ya kweli. Mimi nitafanya hivyo mwakani.

Ya pili, kingo. Anakata kwa kisu na rula juu ya ubao, na akichoka mkono unayumba. Nakala kumi hivi zilikuwa zimepanda upande mmoja. Nilimwonesha, akazitengeneza nyingine bila kunung'unika na bila kudai senti, ila ningependa azikague mwenyewe kwanza, nisiwe mimi ndiye mkaguzi.

Ya tatu, ile picha ya kanisa kuu la Mtakatifu Petro huko Marquette, alikozikwa askofu, imetoka nyeusi tii. Unaona mnara, mengine yote ni usiku. Alitakiwa kuipunguzia giza kabla ya kuchapa, na kwenye karatasi ya majaribio tuliiona, akasema ataifanya, hakuifanya.

Na flashi yangu ilirudi na virusi. Mafaili yote ya kwaya yakageuka njia za mkato. Mjukuu aliyafufua, lakini mtumie kazi kwa WhatsApp au barua pepe, flashi usiichomeke pale hata akuombe vipi.

Nirudi kidogo kwenye kusoma kwake, kwa sababu kuna jambo moja lilinigusa. Ukurasa wa 19 unasimulia mwisho wa Baraga. Alifanywa askofu mwaka 1853, akawekwa wakfu tarehe 1 Novemba huko Cincinnati, na barua yake ya kwanza ya kichungaji aliitoa kwa Kiingereza na kwa Kiojibwe pia. Makao yake yalikuwa Sault Ste. Marie, baadaye 1866 akahamia Marquette. Oktoba mwaka huo alikwenda Baltimore kwenye mkutano mkuu wa maaskofu wa Marekani, akapigwa na kiharusi. Wenzake walitaka abaki apate matunzo, yeye akasisitiza arudishwe kaskazini kwa watu wake. Alifariki Marquette tarehe 19 Januari 1868. Kijana aliposoma hapo akaacha kuchapa, akaniuliza kwa nini sikutaja alikuwa na umri gani. Nikamwambia hesabu. Akahesabu kwa vidole, 1797 mpaka 1868, akasema, "Sabini. Na bado alitaka kurudi kwenye baridi." Akaongeza umri kwenye sentensi. Mwaka mzima wa ualimu unaweza kupita bila mwanafunzi kusoma swali hadi mwisho namna hiyo.

Wakati wa kufunga kazi aliniuliza kama hao Waslovenia waliwahi kuja Afrika. Nikamtajia Ignacij Knoblehar, aliyefika Khartoum 1848 na baadaye akapanda Nile Nyeupe hadi Gondokoro kwa watu wa Bari, akafariki Napoli 1858 akiwa na miaka 38. Tayari ameshaniambia mwakani jumuiya nyingine ikimchota huyo, wampelekee yeye kazi. Kibiashara hajalala, kumbe.

Kwa jumla nampa alama saba na nusu kwa kumi, na mimi si mwalimu wa kugawa alama. Usomaji wake ni kumi. Kubana na kukunja ni tisa. Picha nne. Muda tatu, na hiyo tatu ni ya huruma. Kiti sifuri.

Wanafungua kama saa mbili na nusu asubuhi, Jumapili wamefunga. Wiki za mitihani ya muhula usisogee kabisa, hutapata hata pa kusimama. Ukienda usiku wa kuamkia Jumamosi utamkuta peke yake, redio imezimwa, na huo ndio muda wake mzuri. Mpe daftari, kaa kwenye ile ndoo, mwache asome kwanza.